Mtu Alipwaye kwa Kuuliza

Juma hili nimepata barua ya mzee mmoja, msomaji wa gazeti hili tangu zamani, naye ameomba nisitaje jina lake wala kijiji chake. Habari yake ni hii. Aliuza kahawa, akauza na mbuzi, kijana wake akasoma mpaka akamaliza chuo kikuu. Sasa kijana yuko Dar es Salaam, ana kazi. Baba alipomwuliza ni kazi gani, alijibu kwamba yeye ni mchambuzi wa shughuli katika benki. Huenda kwa watu wa idara hii na idara ile, huwauliza jinsi wafanyavyo kazi yao, huwatazama wakiifanya, husoma makaratasi yao, kisha huandika ni kitu gani hasa wanachohitaji, ili mafundi wa kompyuta wapate kukitengeneza. Mzee aniuliza: "Bwana Karani, je, hiyo ni kazi? Mtu hulipwa mshahara kwa kuuliza maswali? Au kijana ananificha jambo?"

Mzee wangu, kijana hakufichi kitu. Kazi hiyo ipo, tena ina chama chake cha dunia nzima, kilichoanzishwa mwaka 2003 huko Toronto katika nchi ya Kanada, nacho kimetoa kitabu kinene cha kanuni za kazi hiyo, na mitihani, na vyeti. Mabenki, kampuni za simu na maofisi ya serikali huwaajiri watu wa namna hii. Lakini sipendi kukujibu kwa kukuonyesha vyeti tu. Afadhali nikuonyeshe hasara itokeayo mahali ambapo mtu wa kuuliza hakuwapo, au alikuwapo akauliza kwa haraka. Hapo utapima mwenyewe kama mshahara wa kijana wako ni wa bure.

Wengi wetu tumesikia habari ya karanga za Kongwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Shauri likaandikwa kule London kwamba karanga zilimwe Afrika kwa mashine, na mwaka 1946 wakatumwa watu watatu kuja kulipima shauri hilo, mkubwa wao Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika. Walizunguka kwa majuma tisa, mara nyingi wakiitazama nchi kutoka katika ndege, wakatoa taarifa kwamba zaweza kulimwa eka zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa katika Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Yakaletwa matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Basi udongo wa Kongwa, kiangazi kikiingia, hukauka ukawa mgumu kama tofali, na karanga zikakataa kung'oka. Mvua nazo zikawa haba. Mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuiacha kazi ile, na hasara ikahesabiwa pauni milioni 36 hivi. Hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa baadaye.

Sasa ndugu msomaji, fikiri kidogo. Wagogo huzipa njaa zao majina. Ile ya miaka ya 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya, na wajukuu wao walisimuliwa habari zake. Mtu angalikaa na mzee mmoja wa Kigogo chini ya mbuyu, akamwomba amhesabie majina ya njaa alizoziona yeye na alizoziona baba yake, angalipata hesabu ya mvua ambayo ndege haiwezi kumpa. Swali hilo halina gharama ila muda wa kukaa na kungoja jibu. Wale watu watatu hawakuwa wajinga, la. Bwana Wakefield aliijua Tanganyika kuliko wengi. Lakini walikuwa na haraka, na jibu lilikwisha kuandikwa kabla swali halijaulizwa. Mtu aliyetumwa kutafuta mahali pa karanga atatafuta mahali pa karanga. Hakutumwa kuuliza kama karanga zenyewe zafaa.

Habari ya pili ni ya milima ya Uluguru, karibu na Morogoro. Serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa milima ile unateremka na maji, na hapo haikukosea. Basi miaka ya 1950 ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Matuta hayo yalikwisha kusifiwa mahali pengine. Lakini udongo mzuri wa Uluguru ni mwembamba, na mtu akichimba ngazi huuleta juu ule wa chini usio na rutuba. Mwanamke akapanda, akavuna kidogo kuliko alivyovuna kabla ya kutaabika. Mwaka 1955 watu wakachafuka, ikawa ghasia, na mpango ukafa. Hapo tatizo lilikuwa la kweli kabisa, na dawa ilikuwa ya mgonjwa mwingine.

Nami nitakuwa mwizi wa sifa nisipokumbusha kwamba wakati Waluguru wakilazimishwa, huku kwetu Umatengo milima ilikuwa imelimwa kwa ngoro tangu siku za mababu, bila afisa kulazimisha mtu. Msomaji wa pwani au wa Tabora pengine hajaziona. Mvua za mwisho zikikaribia kwisha, mwanamume hufyeka majani, huyalaza katika mistari inayokatana kama kitambaa cha miraba. Mwanamke huja na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Mlima mzima huwa vishimo na kingo, kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya kingo, na msimu ufuatao mahindi. Mvua ikinyesha maji huingia shimoni na kutulia, yasikimbie na udongo. Afisa mmoja Mwingereza, Bwana A. H. Pike, aliandika habari za ngoro katika mwaka 1938, na baada yake wengine wengi. Ona basi: maarifa ya kuzuia udongo yalikuwamo nchini, yameandikwa hata kwa Kiingereza.

Na ndiyo maana nataka kukaa zaidi katika habari ya tatu, maana ni ya kwetu.

Mwaka 1994 walikuja katika wilaya ya Mbinga wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichopo Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, kwa msaada wa shirika la Wajapani liitwalo JICA. Hadi mwaka 1997 kazi yao ilikuwa utafiti. Baadaye, toka mwaka 1999 hadi 2004, kikafuata kituo cha maendeleo ya vijijini cha chuo hicho cha Sokoine, nacho kikachagua kijiji cha Kindimba kuwa mahali pa mfano kwa milima ya Umatengo, na Kitanda kwa upande wa bondeni walikohamia watu. Angalia miaka hiyo, msomaji. Walitafiti kwanza, kwa miaka, ndipo wakafika mahali pa kutenda. Kwa watu wanaotaka kuona mabati na saruji mara moja, jambo hilo huchosha sana, wala siwalaumu. Hata mimi nimeona wageni wengi wakija na makaratasi yao, wakiuliza, wakala kuku, wakaondoka, na hatukusikia tena habari yao.

Lakini tazama walichokipata wale kwa kukaa. Walipata kujua kwamba Mmatengo hahesabu nchi kwa eka. Huihesabu kwa ntambo, yaani mgongo mmoja wa mlima kati ya kijito na kijito, walimokaa watu wa ukoo mmoja, wakiwa na msitu juu, nyumba na kahawa na ngoro katikati, na bustani ya maji chini. Ukimwuliza mtu wa namna hii "Una eka ngapi?" atakupa tarakimu ili uondoke zako. Ukimwuliza habari za ntambo wake, atakuambia nani alikata msitu wa juu na tangu lini kijito kimepungua.

Wakapata kujua vilevile habari ya sengu. Zamani wanaume wa ukoo walikusanyika jioni nyumbani kwa mzee wao, wakala pamoja, na huku wakila wakazungumza mambo ya shamba, ya ndoa, ya magomvi, na ya vijana wasiotaka kufanya kazi. Desturi hiyo ilikuwa imelegea. Basi ilipofika zamu ya kutenda, kamati ya Kindimba ikaitwa Sengu, na watu wakaelewa mara moja ni kikao cha namna gani, ambacho mtu haji kupiga makofi tu.

Na watu wa Kindimba walitaka nini? Walitaka mashine ya kusaga. Hapa ndipo kazi ya mchambuzi yaonekana, mzee wangu, kwa hiyo nisome polepole. Mtu asiye mchambuzi angaliandika katika daftari "mashine ya kusaga," akaenda mjini kununua mashine ya dizeli, akaileta, akapigwa picha. Mchambuzi huuliza: kwa nini mashine? Ataambiwa kwamba akina mama hubeba mahindi kichwani, hupanda na kushuka milima hii mpaka kwenye mashine ya mbali, na siku nzima hupotea. Huuliza tena: na dizeli itatoka wapi? Ataambiwa itanunuliwa kwa fedha ya kahawa. Na kahawa ikianguka bei? Hapo watu hunyamaza, maana miaka ile ya 1990 soko la kahawa lilipofunguliwa, na chama kikuu cha ushirika kikadhoofika, tuliona jinsi bei ilivyoweza kumwacha mtu na magunia yake. Basi huuliza tena: tuna nini hapa ambacho hakinunuliwi? Jibu ni maji. Vijito vinashuka kutoka kila mlima.

Kindimba wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Na jambo lililofuata ndilo hasa lililonifurahisha. Mashine ya maji yahitaji maji mwaka mzima. Maji ya mwaka mzima yahitaji miti juu ya chemchemi. Kwa hiyo kupanda miti, ambako maafisa walikuwa wamekuhubiri siku nyingi na watu wakaitikia "ndiyo bwana" na kurudi kulima, kukawa na maana mpya: ukikata msitu wa juu, unga wako umeukata. Vikundi vya vitalu vya miti, vya nyuki na vya mabwawa ya samaki vikatokea. Wataalamu walikuja na wasiwasi juu ya misitu. Akina mama walikuwa na wasiwasi juu ya unga. Na katika kuuliza sana, wasiwasi huu na ule ukaonekana ni wa kijito kimoja.

Nitasema lakini neno moja juu ya sengu, nalo si la kusifu. Sengu ya zamani ilikuwa ya wanaume. Chakula kilipikwa na wanawake kikaletwa. Mchambuzi akienda mahali akapewa kiti, akazungukwa na wanaume kumi wenye heshima zao, na wote wakakubaliana, ajue kwamba bado hajamwona mtu anayebeba mahindi. Jambo hili ni kweli katika Kindimba na ni kweli katika benki ya Dar es Salaam. Mkuu wa idara atakueleza jinsi kazi inavyopasa kufanywa. Karani wa dirishani ndiye ajuaye jinsi inavyofanywa. Kijana wako, mzee, akiwa hodari, atajitahidi kumfikia huyo karani, tena wakati ambapo mkuu wake hayupo karibu.

Na kuna kutazama, ambako kwapita kuuliza. Watu hawasemi uongo, ila mtu hawezi kueleza kwa maneno jambo alifanyalo kila siku bila kulifikiri. Mwulize mama apike ugali kwa maneno tu, uone kama utaivia! Mfano mkubwa tunao kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom na wenzao Vodafone wa Uingereza walianza majaribio ya fedha kwa simu ya mkononi, kwa watu wachache wa Nairobi na Thika. Waliokusudiwa ni wakopaji wa shirika la mikopo liitwalo Faulu, wapate kurudisha mikopo yao bila kubeba fedha mkononi. Hiyo ndiyo haja iliyoandikwa. Bi Susie Lonie, aliyesimamia majaribio hayo, pamoja na wenziwe, wakatazama watu wanaitumiaje hiyo simu, wakaona mambo ambayo hakuna aliyewaagiza. Huyu amlipia mwenzake mkopo naye arudishiwe baadaye. Yule aiweka fedha simuni kabla ya safari, aitoe afikapo, wezi wa njiani wasimpate. Wengine watumiana tu. Habari ya mikopo ikawekwa kando. Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ikatolewa kwa watu wote kama njia ya kupeleka fedha nyumbani, na mwaka 2008 Vodacom wakaileta Tanzania. Leo hata fedha ya karo hupita humo. Kama wangalishikilia karatasi yao ya kwanza, tungalikuwa na chombo kizuri cha kulipia mikopo ya watu mia chache.

Sasa niwape kisa nilichokiona mwenyewe, lakini chama sikitaji wala kampuni siitaji. Chama kimoja cha wakulima kiliuziwa programu ya kompyuta ya kuandikia kahawa ya wanachama. Programu ilikuwa nzuri kwa macho. Ilitaka jina la mwanachama na namba yake ya simu, mtu mmoja namba moja, na bila namba haikubali kuendelea. Msomaji wa mbali hajui, lakini wewe wa Mbinga wajua: simama sokoni uite "Ndunguru!" uone ni watu wangapi watakaogeuka. Ita "Kapinga!" au "Komba!" ni vivyo hivyo. Na majina ya ubatizo nayo tunayapenda yale yale. Tena wazee wengi hawana simu. Hutumia ya mtoto, na mtoto mmoja ana baba, mama, na shangazi, wote wanachama. Karani wa chama akafanya nini? Akaandika namba za kubuni ili mashine ikubali. Usiku akaendelea kuandika katika daftari la zamani kwa mkono, maana hakuiamini mashine, na mchana akanakili mashineni. Kazi moja ikawa mbili. Mama mmoja mjane akakaa miezi miwili akingoja fedha ambayo ilikwenda kwa mtu mwenye jina kama lake, na alipokuja kuuliza akaonyeshwa kioo cha kompyuta kinachosema amekwisha kulipwa.

Niliitwa kusaidia kunakili majina, kwa sababu mwandiko wa makarani nauzoea. Nikalifungua lile daftari la zamani. Safu zake zilikuwa za kawaida: tarehe, jina, kilo, sahihi. Lakini pembeni, mahali ambapo pangepaswa kuwa peupe, karani alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "wa ng'ambo ya kijito," "mkwe wa katekista wa zamani," "yule mfupi," "alipe kwa mkono wa binti." Miaka kumi na tano ya pembeni! Mahitaji yote ya chama kile yalikuwa yameandikwa pale, wala hakuna mtu wa kampuni aliyeomba daftari hilo alifungue. Walimhoji mwenyekiti saa mbili, wakanywa soda.

Kwa hiyo namwambia kila kijana wa kazi hii: kabla ya kumwuliza mtu swali hata moja, omba madaftari, na usisome safu, soma pembeni. Lililoandikwa pembeni ni lile ambalo aliyechora safu hakulijua. Sisi makarani wa parokia twalijua jambo hili kwa kazi. Katika kitabu cha ubatizo huachwa nafasi ya kuandika baadaye habari za ndoa ya mtu yule yule, kwa sababu zamani watu waliwaza: nani atakuja kuuliza kitabu hiki, na atataka nini? Atakuja mtu anayetaka kuoa, naye atatakiwa aonyeshe kwamba hajaoa. Na bado haja zaongezeka. Siku hizi wengi hujia cheti cha ubatizo wapate kuandikisha kuzaliwa kwao waliochelewa, na mimi hulazimika kutafuta tarehe ya kuzaliwa, ambayo makarani wa kale hawakuiona ni kitu sana mbele ya tarehe ya ubatizo.

Baada ya kuuliza, kutazama na kusoma, mchambuzi huandika. Hapo nako pana utaalamu. Mtu husema, "Nataka mashine isage haraka." Haraka ni nini? Kwa mama aliyetoka mbali, haraka ni arudi kabla ya mvua. Kwa fundi, haraka ni mzunguko wa gurudumu. Mchambuzi hataliandika neno hilo mpaka limepata kipimo: debe moja kwa dakika kadha wa kadha, watu wakiwa wengi au wachache. Vivyo hivyo "iwe rahisi," "iwe imara," "iwe ya kisasa." Neno "ya kisasa" hasa ni la kuogopwa, maana kila mtu hulikubali, na hakuna anayejua amekubali nini. Na mwisho huwarudishia wenyewe alichoandika, akawasomea mbele yao, kwa lugha yao. Huko mjini hutia sahihi. Huku kwetu nasema watu wakusanyike, isomwe kwa sauti, na wale wasiojua kusoma waulizwe mmoja mmoja. Utaona ajabu: mtu aliyekuwa amekaa kimya siku tatu atasimama aseme, "Hapo sikusema hivyo." Neno hilo mchambuzi alishukuru, maana limegharimu dakika moja, na kama lingalisemwa baada ya saruji kumwagwa lingaligharimu fedha ya watu.

Wengine wataniambia kwamba sasa serikali yetu ina utaratibu wake. Ni kweli. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vyetu vimezoezwa kupanga kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na njia hiyo ni njema ikifuatwa. Lakini nimehudhuria vikao ambamo orodha ya kijiji hiki ilifanana na ya kijiji kile kama mapacha: barabara, zahanati, shule, maji. Sikatai kwamba vyote vyahitajika. Ila orodha ikifanana mno, shaka yangu ni kwamba aliyeuliza alikuwa na orodha mfukoni.

Sasa nawaambia ninyi mnaoulizwa, maana wengi wenu mko upande huo, na wageni hawatapungua. Mtu akija na karatasi za maswali, mwende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, aonyeshe barua ya utambulisho kutoka wilayani. Akiwa ni mtafiti wa chuo, tena wa nchi za nje, apasa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iitwayo COSTECH. Akichukua majina yenu, namba za simu na namba za vitambulisho, mna haki ya kuambiwa ni za kazi gani: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwulizeni atarudi lini kutusomea. Akisema harudi, mpeni maji ya kunywa na mwendelee na palizi. Na mkijibu, jibuni habari ya jana na juzi, mliyoitenda, kuliko habari ya siku zote. "Juzi nilikwenda mashineni nikakuta foleni nikarudi na mahindi yangu" ni jibu lenye faida kuliko "Huwa tunapata shida sana."

Mzee ameuliza pia habari ya binti yake mdogo, aliye kidato cha pili, kama naye afuate kazi hiyo. Kwa nini asifuate? Ashike hesabu, na ashike Kiswahili na Kiingereza vyote viwili, kwa sababu kazi nzima ni kusikia kwa lugha ya huyu na kuandika kwa lugha ya yule. Vyuo vya kompyuta na biashara viko Dar es Salaam na Dodoma, na maombi yake hupelekwa kwa mtandao baada ya kidato cha sita. Lakini hayo ni ya mbele. Msimu huu wa kahawa mpe daftari jipya, mzee wangu. Aandike kila siku kilo zilizochumwa, nani alichuma, na saa ngapi zilipotea njiani kwenda kumenya, wala usimchoree safu. Mwache azichore mwenyewe, na pembeni aache nafasi pana.